Kemia kwa Vitendo Mwaka wa Kwanza Chuoni: Kutoka Jioni ya Maandalizi Hadi Ripoti

Wanafunzi wengi wanaoanza shahada za sayansi, ualimu, famasi au uhandisi katika vyuo vya Tanzania na Kenya hukutana na kemia kwa vitendo ndani ya majuma machache ya kwanza, tena hukutana nayo wakiwa hawajalingana hata kidogo. Yupo aliyefanya mtihani wa vitendo wa sekondari akiwa na bureti yake mezani (mrija mrefu wa kioo wenye mistari ya ujazo na koki chini), na yupo aliyetoka shule ambako bureti aliiona mara mbili, zote ikiwa mikononi mwa mwalimu. Mwongozo huu ni wa wote wawili, lakini namfikiria zaidi huyu wa pili, kwa kuwa nimesimamia vipindi vya maabara kwa muda wa kutosha kumwona akijilaumu kwamba hana akili ya kemia, ilhali kinachomnyima alama ni mambo ya mikono na ya daftari ambayo hakuna mtu aliyewahi kuketi naye akamweleza.

Jambo moja lieleweke mapema. Huko sekondari wengi tulizoea kwamba lipo jibu analolijua mwalimu, na usomaji wako ukiwa mbali nalo unapoteza alama. Hapo ndipo ilipozaliwa tabia ya kupika data, yaani kuandika tarakimu zinazofanana na za jirani na kuziacha zile ulizozisoma mwenyewe. Chuoni tabia hiyo hugharimu mara mbili, kwa sababu msimamizi mzoefu huitambua kwa jinsi tarakimu zinavyolingana kupita kiasi, na pia kwa sababu mwenye data ya kupikwa hana cha kujadili katika ripoti yake. Hatua zote zinazofuata zina shabaha moja: kwamba tarakimu uliyoisoma, iwe nzuri au mbaya, uweze kuisimamia na kuieleza.

Nitatumia jaribio moja kama mfano mpaka mwisho, nalo ni la kutafuta ukolezi halisi wa asidi ya haidrokloriki, yaani kiasi cha asidi kilichomo katika kila lita, kwa kuititreti dhidi ya mmumunyo wa kabonati ya sodiamu: asidi huongezwa kidogo kidogo kutoka kwenye bureti hadi iimalize kabonati yote. Ni jaribio la kawaida mno katika mwaka wa kwanza, na anayelifanya vizuri amekwisha kujifunza karibu nusu ya ujuzi wa mikono atakaouhitaji katika kozi nzima.

Hatua ya kwanza: jioni ya kabla

Soma kitini cha jaribio ukiwa na kalamu mkononi, kisha ufunge kitini na kuandika katika kauntabuku lako, kwa maneno yako mwenyewe, utakachokifanya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mahali utakapokwama ndipo usipopaelewa, na ni heri ukwame bwenini kuliko mezani ukiwa na asidi mkononi. Chora majedwali yote mapema, pamoja na safu za usomaji wa mwanzo, usomaji wa mwisho na tofauti yake, ili ukiwa maabara kazi yako iwe kujaza tu.

Fanya pia hesabu ya matarajio. Ukitakiwa kutengeneza mililita 250 za mmumunyo wa kabonati ya sodiamu wenye moli 0.05 kwa lita (moli ni kizio cha kuhesabia chembe za kemikali), na tungamo la moli moja ya kabonati hiyo ni gramu 105.99, basi utahitaji takribani gramu 1.32. Aliyekwisha kuijua tarakimu hii hatapima gramu 13.2 kwa haraka za foleni ya mizani, na foleni ya mizani ni jambo la hakika katika maabara ambamo wanafunzi arobaini wanagawana mizani mbili au tatu. Ukishajua kwamba mililita 25 za mmumunyo huo zitakula karibu mililita 25 za asidi yenye moli 0.1 kwa lita, utajua pia wapi pa kuanza kufunga koki polepole.

Hatua ya pili: mavazi na usalama

Vaa koti la maabara la pamba, suruali au sketi ndefu, na viatu vinavyofunika mguu mzima. Ndala na kobazi zitakurudisha mlangoni. Mwenye ushungi auchomeke ndani ya koti, na mwenye nywele ndefu au rasta azifunge nyuma. Vitambaa vya nailoni vinavyoteleza havifai karibu na taa ya Bunsen, kwa kuwa huyeyuka na kugandia ngozi vinaposhika moto. Miwani ya kinga huvaliwa tangu kuingia hadi kutoka, hata wewe ukiwa umemaliza kazi, kwa sababu jirani yako bado hajamaliza.

Glavu zina faida, ila zisikupe ujasiri usio na msingi. Mnamo Agosti 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Dartmouth College nchini Marekani, aliangukiwa na matone machache ya dimethili zebaki juu ya glavu ya mpira. Kemikali ile ilipenya, naye alifariki Juni 1997. Hakuna kemikali ya aina hiyo katika maabara ya mwaka wa kwanza, lakini funzo linabaki lilelile: glavu ikidondokewa huvuliwa mara moja, na mikono huoshwa.

Asidi iliyokolea humiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo huku ukikoroga, na maji kamwe hayamiminwi ndani ya asidi, kwa sababu joto linalotolewa, hasa na asidi ya salfuriki, linaweza kuchemsha maji yale papo hapo na kurusha asidi usoni. Asidi au alkali ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 huku ukilifungua jicho kwa vidole, na mwenzako akimbie kumwita msimamizi. Usijaribu kuiua asidi ya jichoni au ya ngozini kwa alkali. Siku ya kwanza, kabla ya yote, jua kwa macho yako ilipo chemchemi ya kuoshea macho, blanketi la moto na mlango wa pili.

Hatua ya tatu: kuelewana na watu wa maabara

Hili haliandikwi katika vitini, nami naliona la msingi. Fundi sanifu wa maabara ndiye anayejua mizani ipi inayumba, chupa ipi ilitengenezwa jana na ipi ya mwezi uliopita, na koki ipi inavuja. Mwamkie kwa heshima unayompa mzazi wako, mwite mwalimu, na umuulize mapema. Ukivunja chombo, mwambie papo hapo; kioo kilichofichwa kwenye sinki kitamkata mtu atakayekuja kuosha. Kama macho yako hayatenganishi vizuri rangi nyekundu na nyingine, mweleze msimamizi bila kuona haya, kwa kuwa kuna viashiria vingine, yaani kemikali zinazobadili rangi kadiri pH (kipimo cha uasidi) inavyobadilika: bromokresoli ya kijani, kwa mfano, hubadilika kutoka buluu kwenda njano kati ya pH 5.4 na 3.8, na wengi wasioona wekundu vizuri huyaona mabadiliko hayo.

Hatua ya nne: mizani na mmumunyo sanifu

Kabonati ya sodiamu inayotumika kama kipimo hukaushwa katika tanuri kwenye joto la karibu nyuzi 270 za Selsiasi na kupozwa ndani ya desiketa, chombo kilichofungwa chenye dawa ya kunyonya unyevu, kwa sababu hunyonya unyevu. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hilo ni jambo la kila siku, hivyo usiiache chupa ya kupimia wazi mezani wakati unapiga soga au unasubiri zamu yako. Ni unyevu huohuo, pamoja na hewa ya kabonidayoksaidi, unaofanya haidroksaidi ya sodiamu isifae kuwa kipimo cha kwanza: tembe zake hulowana mbele ya macho yako, na uzito unaousoma ni wa alkali pamoja na maji iliyoyanywa.

Mizani isomeke sifuri kabla hujaanza, milango yake ifungwe, feni ya juu izimwe ikiwezekana, na kitu cha moto kisiwekwe juu yake, kwa kuwa hewa inayopanda huinua sahani na kudanganya usomaji. Usihangaike kupata gramu 1.3249 kamili, pata kitu kilicho karibu, kisha andika ulichokipata kwa tarakimu zote nne za desimali, tuseme gramu 1.3312. Nimewaona wanafunzi wakipoteza dakika ishirini wakiongeza na kupunguza chembe ili wapate tarakimu ya kitini, wakati hesabu haijali hata kidogo, mradi unajua ulichonacho.

Yeyusha unga huo kwanza ndani ya bika, kwa maji yaliyokenekwa yasiyofika mililita 100, kisha mimina kwa faneli ndani ya flaski ya ujazo ya mililita 250. Suuza bika, fimbo ya kukorogea na faneli mara tatu, na maji yote ya kusuuzia yaingie humohumo, kwa sababu kila chembe uliyoipima lazima ifike. Ongeza maji hadi karibu na alama, malizia kwa kitonezi tone baada ya tone, kisha ziba na upindue flaski juu chini mara kumi na tano hivi. Asiyepindua vya kutosha hupata mmumunyo mzito chini na mwepesi juu, na titresheni zake zitakataa kukubaliana hata afanye nini.

Hatua ya tano: titresheni yenyewe

Hapa ndipo penye uzito wa kozi, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Anza kwa kuelewa chombo kipi kinasuuzwa kwa nini. Bureti husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa, halafu kwa asidi itakayokaa ndani yake, kwa kuwa maji yaliyobaki kutani yataipunguza nguvu asidi. Pipeti, mrija wa kuchukulia ujazo mmoja kamili, nayo husuuzwa kwa mmumunyo wa kabonati. Lakini flaski ya koni husuuzwa kwa maji peke yake, kwa sababu kinachohesabiwa humo ni idadi ya moli zilizoletwa na pipeti, na maji ya ziada hayaibadilishi, ilhali mabaki ya kabonati huiongeza. Mimi mwenyewe katika mwaka wa kwanza niliisuuza flaski kwa kabonati nikidhani ninakuwa makini zaidi ya wenzangu, nikapata mililita 27 na ushei mahali ambapo wote walikuwa na 25, nami sikujua sababu hadi ripoti iliporudi. Tangu siku hiyo sijalisahau jambo hili, na ningependa wewe ulijue bila kulipia gharama hiyo.

Pipeti hujazwa kwa pampu ya mpira, kamwe si kwa mdomo. Shusha kimiminika hadi sehemu ya chini ya upinde wake, yaani uso wake uliobonyea katikati, iguse alama, macho yako yakiwa usawa mmoja na alama hiyo. Achia kimiminika kishuke chenyewe ndani ya flaski, kisha gusisha ncha ya pipeti kwenye ukuta wa flaski kwa sekunde chache na uiondoe. Tone dogo litakalobaki nchani liache; pipeti ilipimwa kiwandani ikiwa na tone hilo, na anayelipuliza anaongeza asichotakiwa. Pipeti ya mililita 25 ya daraja A ina ukomo wa kosa wa mililita 0.03 tu, na bureti ya mililita 50 ya daraja hilo ina 0.05, wakati mistari ya bika la kawaida inaweza kukosea kwa takribani asilimia 5. Kwa hiyo bika ni la kubebea, haliwi chombo cha kipimo.

Jaza bureti kwa faneli, fungua koki ili hewa iliyonaswa nchani itoke yote, halafu ondoa faneli. Narudia: ondoa faneli, kwa sababu tone likianguka kutoka humo katikati ya kazi litaharibu usomaji wako bila wewe kuona. Hakuna haja ya kuanzia 0.00, kuanzia 0.35 ni sawa kabisa mradi umeandika 0.35. Weka karatasi nyeupe yenye mstari mweusi nyuma ya bureti ili upinde uonekane vizuri. Bureti imechorwa kwa mgawanyo wa mililita 0.1, hivyo makadirio kati ya mistari miwili ni sehemu ya usomaji, na 24.8 ni usomaji usiokamilika, uandikwe 24.80 au 24.85.

Tia matone mawili au matatu ya methili oranji ndani ya flaski. Kiashiria hiki huwa cha njano katika kabonati na hubadilika kati ya pH 4.4 na 3.1, ambako asidi inapomaliza kuigeuza kabonati yote kuwa chumvi, maji na kabonidayoksaidi. Ukitumia fenoftalini kwa jaribio hilihili, rangi ya waridi itatoweka katikati ya safari, wakati kabonati imefika tu kuwa baikabonati, na ujazo wako utakuwa nusu ya unaotakiwa. Hilo ni swali linalopendwa sana na watunga mitihani.

Titresheni ya kwanza ifanywe haraka kidogo, kwa lengo la kujua kikomo kiko wapi, na iandikwe hivyo: ya majaribio. Katika zinazofuata, fungua koki kwa uhuru hadi ubakishe mililita 2 hivi, kisha endelea kwa tone moja moja huku mkono wa kulia ukizungusha flaski juu ya kigae cheupe na wa kushoto ukiwa kwenye koki. Kikomo ni rangi ya chungwa. Ikiwa nyekundu kabisa, umekwisha kupita. Karibu na mwisho osha kuta za flaski kwa maji yaliyokenekwa, na ukihisi tone zima ni kubwa mno, liache nusu lining'inie nchani, ligusishe ukutani na ulisuuze kuingia ndani. Weka pembeni flaski moja yenye rangi sahihi kama kielelezo, kwa kuwa jicho huchoka na kusahau.

Rudia hadi upate matokeo mawili au matatu yasiyoachana kwa zaidi ya mililita 0.10. Ukipata moja lililo mbali, usilifute. Lipige mstari mmoja, andika kando sababu unayoidhani, na ufanye jingine.

Kuhusu daftari

Kila tarakimu huandikwa kwa wino, papo hapo, katika kauntabuku lenye kurasa zilizopewa namba. Vikaratasi vya pembeni na viganja vya mikono si mahali pa data. Nimeona kazi ya saa tatu ikipotea kwa karatasi moja kulowa. Andika pia vitu visivyo tarakimu: rangi ilivyobadilika, joto la chumba, chupa uliyopewa ilikuwa na lebo gani. Vyombo vingi vya kioo vimepimwa kwenye nyuzi 20, na vingine vilivyotengenezewa nchi za joto vimeandikwa 27, hivyo katika maabara yenye nyuzi 30 habari ya joto inaweza kukufaa wakati wa majadiliano, kwa kuwa maji hupanuka kwa karibu asilimia 0.25 kutoka nyuzi 20 hadi 30.

Hatua ya sita: hesabu

Tuchukulie gramu 1.3312 zilizopimwa, na titresheni tatu za 24.85, 24.80 na 24.85, ile ya majaribio ya 25.30 ikiwekwa kando. Moli za kabonati katika flaski nzima ni 1.3312 gawanya kwa 105.99, yaani 0.012560. Sehemu ya kumi yake, iliyochukuliwa na pipeti, ni moli 0.0012560. Kila moli moja ya kabonati hula moli mbili za asidi, basi moli za asidi ni 0.0025120. Wastani wa ujazo ni mililita 24.83, sawa na lita 0.02483, na ukolezi wa asidi unakuwa moli 0.1012 kwa lita.

Angalia kwamba tumeishia kwenye tarakimu nne zenye maana, kwa sababu vyombo vyetu haviruhusu zaidi. Kuandika 0.101168 kama kikokotoo kilivyoonyesha ni kudai uhakika ambao bureti haikukupa. Kosa jingine ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni kusahau ile mbili ya uwiano, na jibu kutoka nusu. Ile hesabu ya matarajio uliyoifanya jioni ya kabla ndiyo itakayokushtua.

Hatua ya saba: kuondoka mezani, kisha kuandika ripoti

Mabaki yamwagwe katika chombo kilichoelekezwa. Bureti imwagwe, isuuzwe kwa maji mara mbili na kufungwa kwenye stendi ikiwa imepinduliwa, koki wazi. Haidroksaidi isiachwe kamwe ndani ya bureti ya koki ya kioo, kwa kuwa hula kioo taratibu na koki hukwama.

Ripoti iandikwe siku ileile au kesho yake, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Lengo liwe sentensi moja au mbili. Utaratibu uandikwe kwa wakati uliopita na useme ulichokifanya wewe, hata pale ulipotofautiana na kitini. Kudesa ripoti ya mwaka jana ni hatari iliyo wazi, kwa sababu ukolezi wa asidi ya mwaka huu si ule wa mwaka jana.

Alama nyingi ziko katika majadiliano, nako ndiko wengi huandika kwamba matokeo yaliathiriwa na makosa ya kibinadamu, wakaishia hapo. Maneno hayo hayaelezi kitu. Taja kosa, sema lilielekea wapi, na kadiria ukubwa wake. Kiputo cha hewa kilichotoka nchani katikati ya titresheni hukuza ujazo unaosomwa, hivyo asidi huonekana dhaifu kuliko ilivyo. Kabonati iliyonyonya unyevu huwa na moli chache kuliko uzito unavyodai, asidi kidogo hutosha, na ukolezi unaoukokotoa hupanda juu ya ukweli. Tone la faneli hushusha ujazo na kupandisha ukolezi vilevile. Ukiweza kueleza kwa njia hii kwa nini jibu lako ni 0.1012 wakati chupa ilikuwa 0.1000, utapata alama ambazo mwenye 0.1000 ya kupikwa hawezi kuzipata.

Ripoti ikirudi na wino mwekundu, rudia hesabu nzima ukurasa wa pili wa jaribio hilohilo katika kauntabuku, kisha mwone msimamizi kwa lile usilolielewa kabla ya jaribio linalofuata, kwa kuwa pipeti na bureti zitakungoja humo tena.